Barua ya wazi kwa mnaochagua vitabu vya fasihi na mnaosaini barua za kuachisha watu kazi

Wakubwa zangu, shikamooni.

Mi ni mwalimu wa fasihi, miaka 16 sasa niko darasani, na barua hii nawaandikia nyie wa makundi mawili kwa pamoja. Kuna nyie mnaokaa mkaamua watoto wasome vitabu gani na waulizwe nini kwenye mtihani, alafu kuna nyie mnaoongoza shule na bodi zake. Najua mko ofisi tofauti na pengine hata hamjuani, ila kwangu mimi mlikutana, mlikutana ndani ya wiki moja ambayo mpaka leo sijaisahau, na ndo maana nimeamua kuandika hadharani. Za kwenye bahasha nimeshatuma tatu.

Ngoja nieleze ilivyokua.

Asubuhi moja mwalimu mwenzetu aliingia ofisi ya walimu akasema simu yake haipo, jana jioni aliiacha mezani. Tulikua walimu kumi na moja mle ndani. Hakuna aliyefungua mkoba wake, hakuna aliyeambiwa asimame. Kauli ya kwanza iliyotoka ilikua "muulizeni yule wa usafi", na haikusemwa kwa chuki, hapana, ilitoka kirahisi tu kama mtu anavyosema funga dirisha. Basi mlinzi akaitwa, yule mama akasimamishwa koridoni na ndoo yake ya deki bado ina maji, mkoba wake ukamwagwa juu ya meza ambayo alikua ametoka kuifuta muda si mrefu.

Mi nilisimama kama hatua mbili hivi. Nakumbuka kila kilichotoka. Ndala za kubadilishia, kitambaa cha kichwa, daftari la mtoto ambalo jalada limeshang'oka, na kikaratasi kilichokunjwa mara nyingi kama mtu anavyokunja dawa. Mlinzi akakifungua. Ndani kulikua na vipande vya chaki, vitatu vyeupe na kimoja cha pinki, vile vifupi ambavyo sisi walimu tukifikia hapo tunatupa sababu havishikiki tena vidoleni. Alivipata kwenye vumbi alilofagia, akavifunga vizuri ampelekee mwanae. Simu haikuwepo.

Mwalimu wa zamu siku hiyo nilikua mimi kwaiyo ripoti niliandika mimi. Niliandika kwa mkono wangu, "amekutwa na mali ya shule." Wahenga walisema maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba, na methali hiyo nimeifundisha sijui mara ngapi, nimeitungia maswali, nimeisahihisha, na asubuhi ile nilikua nayo kichwani na kalamu mkononi na bado nikaandika nilichoandika. Nalisema hili mapema ili msije mkaona nawaandikia kama mtu aliyekua pembeni anaangalia.

Jina lake kamili nililiona kwa mara ya kwanza kwenye ile fomu. Miaka minne kafagia darasa langu kila siku kabla sijafika, na mimi jina lake nimelijua kwenye karatasi ya kumuondoa kazini. Tulikua tunamwita mama wa usafi. Silitaji hapa, ni lake, na limeshatumika vibaya vya kutosha.

Siku ya tatu simu ikapatikana, ilikua imeteleza chini ya siti ya gari ya mwenyewe. Watu wakapumua, "si imepatikana, basi yaishe." Nikauliza, na yule mama? Nikajibiwa suala lake ni la chaki, sio la simu. Kampuni ya usafi ilikua imeshamtoa, mkataba wake ulikua wa mwezi kwa mwezi, yani hata barua ya kufukuzwa haikuhitajika, ilitosha kutomuweka kwenye orodha ya mwezi unaofuata. Alafu kabla hajatoka walimpa karatasi asaini kwamba anajutia kosa lake. Alisaini, angefanyaje, malipo ya siku zake alizokwisha kufanya yalikua upande wa pili wa ile karatasi.

Sasa wiki hiyo hiyo, darasani, nilikua nafundisha tamthilia ya J. B. Priestley, An Inspector Calls. Kwa msiokumbuka, ni kazi iliyoonyeshwa kwanza Umoja wa Kisovieti mwaka 1945 alafu London 1946, lakini mwandishi kaiweka mwaka 1912, nyumbani kwa tajiri wa kiwanda anaitwa Birling, familia imekaa mezani inasherehekea uchumba wa binti. Anaingia mtu anajitambulisha kua ni inspekta, anasema kuna msichana kajiua. Kidogo kidogo inakuja kuonekana kila mmoja pale mezani kamgusa huyo msichana, Eva Smith. Baba alimfukuza kiwandani sababu yeye na wenzake walidai mshahara upande kutoka shilingi 22 na nusu mpaka 25 kwa wiki, wakagoma. Binti, Sheila, akamfukuzisha dukani sababu alimuona anatabasamu wakati yeye anajaribu gauni ambalo halikumpendeza. Mchumba wa Sheila akamuweka kinyumba alafu akamuacha. Eric, mtoto wa kiume, akampa mimba. Mama mtu, ambaye yuko kwenye kamati ya kusaidia wanawake wenye shida, akahakikisha ananyimwa msaada. Watu watano, na kila mmoja ukimuuliza atakwambia alichofanya yeye ni kidogo tu.

Na sisi tulikua watano. Aliyesema muulizeni wa usafi, aliyemwaga mkoba, aliyeandika ripoti, supavaiza wa kampuni aliyeondoa jina, na mkuu msaidizi aliyegonga muhuri. Sikutafuta hiyo hesabu, nilikua nimesimama ubaoni naandika majina ya wahusika mkono ukasita.

Lakini kilichonikaa zaidi kwenye ile tamthilia ni sehemu ambayo mitihani yenu karibu kila mara inaipita haraka. Kuelekea mwisho wanagundua yule jamaa hakua inspekta wa kweli, wanapiga simu hospitali wanaambiwa hakuna msichana aliyeletwa amekufa leo. Basi baba anafurahi, mama anafurahi, mchumba anafurahi, vinywaji vinamiminwa tena. Ni Sheila na Eric tu wanaokataa kufurahi, wanasema jamani, tuliyoyafanya si tuliyafanya? Kama hajafa ni kwamba hajafa, lakini baba si ulimfukuza, mimi si nilimfukuzisha? Wazee wanawaona hawa watoto wamechanganyikiwa. Alafu simu inalia, msichana kafa kweli muda huu njiani kuelekea hospitali, na inspekta yuko njiani anakuja.

"Si imepatikana, basi yaishe." Ndo hilo hilo. Sisi tulipumua kwa ile simu kama Birling alivyopumua kwa majibu ya hospitali, kana kwamba simu ikirudi na ule mkoba unarudi kujifunga wenyewe.

Sasa nije kwenu mnaotunga mitihani. Swali nililopewa kuwaandaa nalo wanafunzi lilikua hivi, ni nani anayestahili lawama zaidi kwa kifo cha Eva Smith, jadili. Nikasahihisha karatasi 42. Zote zimemchana Birling. Bepari, mbinafsi, anajisifu Titanic haiwezi kuzama, pointi zimepangwa vizuri, nukuu zipo, na wengine waliandika vizuri mpaka nilifurahi. Na katika zote hizo kulikua na moja tu ambapo mwanafunzi, akiwa katikati ya kumuongelea Sheila, aliacha kitabu akaandika juu yake mwenyewe. Aliandika kwamba akiwa na miaka kumi alivunja kitu cha thamani nyumbani kwao, akasingiziwa dada wa kazi, na yeye akanyamaza, na dada akaondoka siku ile ile na begi lake la nailoni, na yeye alichungulia dirishani mpaka akapotea kwenye kona. Aliandika, kama nakumbuka vizuri, kwamba Sheila alikua na bahati sababu aliulizwa, yeye hakuna aliyemuuliza.

Mwongozo wa kusahihisha hauna pa kuweka hayo. Nilipiga mstari mwekundu aya nzima, nikaandika pembeni "nje ya swali", nikampa 9 kwa 20. Wale waliomtukana Birling walipata 16, 17.

Mwanafunzi pekee aliyekielewa kitabu nilimfelisha, na nilimfelisha kwa kufuata utaratibu mliouweka nyie. Nimeshamrudishia karatasi na kumuomba radhi, na maksi nimebadilisha kwenye rejista yangu, ila hiyo ni rejista yangu. Kwenye mtihani wenyewe wa mwisho atakutana na msahihishaji mwingine mwenye mwongozo ule ule.

Na tafadhali msiniambie kwamba kujiongelea mwenyewe sio uhakiki. Great Expectations, riwaya ya Charles Dickens iliyotoka kwa vipande kati ya 1860 na 1861, nzima ni mtu anajishtaki. Pip, anayesimulia, kalelewa na Joe, mhunzi, mtu mwema hata kusoma hajui vizuri, alafu Pip akapata pesa akahamia London akawa bwana mkubwa, na siku Joe anakuja kumtembelea Pip anakiri kwamba kama angeweza kulipa hela ili asije, angelipa. Anakiri mwenyewe, kwa kinywa chake, ukubwani akikumbuka. Na aliyeandika hayo alikua anajua aibu inavyouma, maana mwaka 1824, akiwa na miaka 12, baba yake yuko jela ya wadeni, yeye alikua anabandika lebo kwenye vikopo vya dawa ya viatu kiwandani, na siri hiyo aliificha karibu watu wote mpaka kufa kwake, ikaja kujulikana kupitia kitabu cha rafiki yake. Vitabu vya namna hii vimeandikwa na watu waliojivua nguo mbele ya msomaji. Alafu sisi tunamfundisha msomaji avisome amevaa koti la hakimu.

Nyie mnaoongoza shule na bodi, mna kitabu chenu pia. Naomba sana mkisome tena hata kama mlikisoma ujanani, Les Misérables ya Victor Hugo, 1862, na msikimbilie yale ya mkate na polisi, someni habari za kiwanda. Jean Valjean, yule aliyefungwa kwa kuiba mkate, sasa akijiita Madeleine, amekua tajiri na meya, mtu mwema kweli, anagawa pesa, anajenga shule. Kiwanda chake kina karakana ya wanawake na yeye karibu haingii humo, kaweka mama msimamizi anayemwamini. Na kaweka sheria ya maadili mema. Siku moja wanagundua Fantine ana mtoto nje ya ndoa, msimamizi anamuita, anampa faranga 50, anamwambia meya amesema uondoke. Meya hakusema lolote. Meya hajui kama kuna mtu anaitwa Fantine. Fantine akauza nywele, akauza meno yake mawili ya mbele, akauza na mwili, na siku alipokutana uso kwa uso na yule meya alimtemea mate, sababu kwa Fantine ni huyu ndiye aliyemfukuza.

Na Hugo anamfanya meya aseme nini? Anasema hakujua, ila haishii hapo. Yani kutojua kwake ni kweli kabisa na bado hajifichi nyuma yake. Analichukua, anamhudumia, anaahidi kulipa madeni yake na kumletea mtoto, na kitabu chote kinachofuata anaubeba ule mzigo mpaka anazeeka.

Hapa ndo najua baadhi yenu mnasema hizo ni hadithi, mtu mwenye wafanyakazi mia mbili hawezi kumjua kila mtu. Sawa. Lakini muhuri una jina lenu. Yule mama mpaka leo anaamini mkuu wa shule alikaa, akafikiria, akaona yeye ni mwizi. Hajui kwamba mkuu hakusoma hata mstari. Sijui kipi kinauma zaidi kati ya hayo mawili.

Na tusisingizie kwamba mambo haya ni ya Wazungu na viwanda vyao. Kasri ya Mwinyi Fuad, riwaya ya Shafi Adam Shafi, 1978, tunaisoma, na kila mwaka wanafunzi wanamkasirikia Kijakazi, kwa nini anamtumikia bwana kwa moyo wote vile na bwana anamuona kama takataka. Mi huwa nawauliza wasikilize kwanza hilo jina, wazazi hawampi mtoto jina hilo wakiwa na matumaini. Alafu nawauliza neno uungwana lilitoka wapi. Mwungwana alikua mtu huru, asiye mtumwa, na leo tukitaka kusema mtu ana tabia njema tunasema ni mwungwana, kana kwamba tabia njema ilizaliwa upande mmoja tu wa ua. Watoto wananyamaza hapo, huwa ni ukimya mzuri. Lugha imebeba vitu ambavyo sisi tunavitamka asubuhi mpaka jioni bila kusikia, "watu wa chini", "wale wa usafi", "mtu wa getini", mwenye cheo ndo anakua na jina na asiye nacho anaitwa kwa kifaa anachoshika.

Kuna wa kunijibu kwamba maskini nao wanaiba, na kila mtu abebe wajibu wake. Ndio, wanaiba, kama wanavyoiba wasio maskini, na mwizi akikamatwa akamatwe awe nani. Siombi mtu asamehewe sababu ana shida, na yule mama mwenyewe hajawahi kuomba hivyo. Kinachoniuma ni kwamba wajibu tunaudai kwa kushuka tu. Yeye alisaini kwamba anajuta, sisi watano hakuna aliyeletewa karatasi. Mwalimu aliyeacha simu yake hovyo kwenye gari akamtupia mwingine hakuandikiwa hata onyo, na mimi niliyeandika uongo kwa maneno ya kweli (maana chaki kweli ilikua ya shule) nilisifiwa kua ripoti imeandikwa vizuri.

Kwaiyo naomba nini.

Watunga mitihani, ongezeni swali linalomgeuzia msomaji kioo, na mwongozo uwe na maksi kwa mtoto atakayejibu kwa ukweli. Sio lazima liwe la lazima, liwe la kuchagua, najua wengine wataogopa na wengine watatunga. Sisi walimu tunajua kutofautisha aliyetunga na aliyekumbuka, tumesoma karatasi nyingi. Na ile sehemu ya Sheila na Eric kukataa kufurahi iulizweni, msiishie kwenye lawama za Birling, Birling ni rahisi, hakuna mtoto anayejiona Birling.

Viongozi wa shule, mtu asisachiwe peke yake. Kama kuna kitu kimepotea chumbani, aanze aliyekuwemo chumbani, mwalimu akiwa wa kwanza kufungua mkoba. Na asisaini mtu karatasi ya kumuondoa mwenzake kabla hajakaa naye kiti kwa kiti akamsikia, sio kwa ripoti yangu, sio kwa simu ya supavaiza, yeye mwenyewe. Itachelewesha? Itachelewesha, ndio. Kuwapa wafanyakazi wa usafi kampuni ya nje ni uamuzi wenu na siwezi kuuingilia, lakini msiutumie kusema "huyo sio mfanyakazi wetu" siku ya kuulizwa wakati siku ya kumsachi mlimsachi wenyewe koridoni kwenu.

Na la mwisho ni dogo, linahusu shule moja tu. Nilimtafuta yule mama, ilinichukua muda sababu kampuni haikutaka kunipa namba, nikampata. Nilimwambia nilichoandika. Hakunigombeza, aliniuliza tu kama daftari la mwanae lilionekana maana siku ile lilibaki mezani. Lilikuwepo, kwenye kabati la vitu vilivyookotwa, nikampelekea. Kurudi kazini hataki tena. Anachotaka ni barua ya kusema hakuiba, sababu kila anapoomba kazi wanapiga kuuliza kampuni ya zamani na kampuni inasema aliondolewa kwa wizi.

Barua hiyo nimeiandika, ni nusu ukurasa, inataja tarehe, inataja simu ilipatikana wapi, inataja chaki ni zile zilizokua zimetupwa. Mwenye simu amesaini. Mlinzi amesaini, supavaiza amesaini baada ya kuzungushana sana, na mimi nimesaini. Nafasi ya tano ni ya uongozi. Iko kwenye trei ya sekretari, upande wa kushoto, na kila Ijumaa jioni nampigia yule mama kumwambia bado.